Sanduku la Marehemu Xavier

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, nitapita haraka.

Jina langu ni Tambwe. Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa mtunza vyombo vya kazi katika atelie, karakana ya reli, hapa Kindu. Siku moja wakahesabu, vyombo arobaini havipo. Misumeno, randa, patasi, matupa. Ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwangu, basi mwizi nikawa mimi. Niliapa mpaka sauti ikakauka. Wakanifukuza bila hata barua.

Kisha upepo ukaondoka na mabati ya nyumba yangu. Kisha mke wangu Albertine akahamia kwa dada yake miezi mitatu, kwa kuchoka kuitwa mke wa mwizi sokoni. Alirudi. Na aliporudi, masista wa dispensari wakanionea huruma: nitengeneze vitanda kumi na viwili. Wakatanguliza franga za kununua mbao. Hapo ndipo mliponiacha: nina kazi, nina mbao karibu kupatikana, sina hata randa moja.

Leo nitawaambia namna nilivyoipata hiyo randa. Afadhali ningezichonga hizo mbao kwa meno.

Alhamisi, saa sita mchana, mama Émilienne alituma mtu kuniita.

Émilienne alikuwa mjane wa Xavier, na Xavier alikuwa seremala mkuu wa atelie yetu na rafiki yangu wa pekee. Siku niliyofukuzwa, wote walinikimbia kama mwenye ukoma. Xavier peke yake alikuja nyumbani na mfuko wa mchele begani. "Yaya Tambwe, kaka yangu," akaniambia, "Mungu iko. Siku moja kweli itatoka." Tangu siku hiyo alikula kwangu kila Jumapili. Homa ilimchukua mvua zilipoanza, na mimi ndiye niliyepigilia jeneza lake, kwa nyundo ya kuazima.

Nilimkuta Émilienne amesimama mlangoni.

"Papa Tambwe, ingia. Usikae, hakuna wakati."

Chumbani, chini ya mkeka, kulikuwa na sanduku. Nililifahamu. Lilikuwa sanduku la vyombo la Mbelgiji mmoja aliyeondoka mwaka wa sitini, mbao ya mti mgumu wa kambala, pembe za shaba, zito kama mtu mzima. Xavier alilinunua kwake na alikuwa na wivu nalo kuliko wanaume wengine walivyo na wivu na wake zao. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.

"Nauza," akasema. "Lote, na vilivyomo. Nimesikia una kazi ya masista."

"Na Fortunat? Amekubali?"

Fortunat alikuwa mdogo wake Xavier, mtu wa Vijana wa Chama, shati la kijani Jumatatu hadi Jumapili. Majina ya ubatizo Chama kilikuwa kimeyapiga marufuku, kila muntu aitwe citoyen, mwananchi, lakini mji mzima tulimwita Fortunat, naye aliitika.

Émilienne alitema mate nje ya dirisha.

"Fortunat anangoja siku ya kuondoa matanga, Jumapili ya wiki ijayo. Atakuja na ndugu zake wabebe kila kitu. Cherehani, vitanda, sufuria. Na mimi watanibeba. Anasema nimo katika mali ya ndugu yake, nitakuwa mke wake wa tatu. Mimi ni Munande, papa Tambwe, sina hata shangazi katika mji huu. Nzanzu, yule mwenye kamyo ya mizigo anayetoka kwetu, amekubali kunibeba na watoto wangu wanne. Anavuka mto Jumatatu asubuhi. Nahitaji franga za njia."

Akataja bei. Ilikuwa bei ya haki, tena chini ya haki. Ningeitoa, ningebaki muntu.

Lakini nilimtazama. Mjane, mgeni, mbio. Nikataja nusu yake.

"Nusu?"

"Franga ni za masista, mama. Nikitoa zaidi sitakuwa na mbao."

Ilikuwa kweli. Lakini si hiyo iliyonifanya niseme nusu. Nilisema nusu kwa sababu nilijua hana pengine pa kwenda, na kwa miaka miwili watu walikuwa wamenifanyia mimi hivyo hivyo.

Alilipiga sanduku kofi.

"Chukua," akasema. "Lakini nipe neno lako. Usimwambie mtu mpaka Jumatatu, kamyo ikiisha kuvuka."

Nilimhesabia franga, nikampa neno langu. Nikalifunga sanduku kwenye baiskeli, nikalifunika magunia ya mihogo, nikalisukuma mpaka mtaani kwetu Mikelenge huku nikipiga mluzi.

Nyumbani nilimwita Albertine aje aone. Nilifungua kifuniko. Visanduku vitatu vya kuvuta, kila chombo mahali pake, vimepakwa mafuta ya mawese visishike kutu. Nikaichukua randa kubwa, nikaigeuza ili niangalie makali.

Kwenye chuma kulikuwa na alama ya gurudumu, na chini yake namba: 117.

Nikaiweka chini. Nikachukua patasi. Gurudumu, 204. Msumeno. Gurudumu, 88.

Wasomaji wangu, muntu akiwa mtunza vyombo miaka kumi na mmoja, namba zile anazijua kama majina ya watoto wake. Na zile arobaini zilizopotea nilikuwa nazisema usingizini. Albertine alizijua pia, kwa kunisikia.

Nilivitoa kimoja kimoja, nikavipanga kwenye mkeka. Vingine havikuwa na alama, vilikuwa vya yule Mbelgiji. Vyenye gurudumu vilikuwa ishirini na sita. Vyote vilikuwa vya orodha yangu.

"Tambwe," Albertine akasema polepole. "Hivi njo vile, vile vya stoo?"

"Njo vile."

Alikaa chini, miguu imenyooka mbele.

"Alikula wali wangu," akasema. "Kila Jumapili. Nilikuwa nampa yeye kifua cha kuku, wewe nakupa shingo."

Kisha akaanza kutukana. Albertine ni mtu wa kanisa, sikujua kama anayajua maneno yale. Alimtukana Xavier, akamtukana aliyemzaa Xavier, akaitukana homa iliyomchukua kabla yeye Albertine hajamfikia. Mimi nilikuwa naikumbuka ile "Mungu iko, yaya." Nilikuwa naukumbuka ule mfuko wa mchele. Nilipigilia jeneza la muntu yule kwa mikono hii, na nililia misumari ikiingia.

Ijumaa alfajiri nilikuwa mlangoni kwa Émilienne. Sikubisha hodi. Nilipiga mlango teke.

"Ulijua?"

Alikuwa anafunga nguo kwenye sanduku la safari. Hakuuliza ninasema nini.

"Nilijua mwaka jana. Aliniambia mwenyewe akiwa na homa ya kwanza, akidhani anakufa. Alipopona akanikataza nisifungue mdomo, la sivyo atanirudisha kwetu bila watoto."

"Mwaka mzima! Mke wangu ameitwa mke wa mwizi mwaka mzima, na wewe unanunua chumvi pamoja naye!"

"Ndiyo."

"Na jana unaniuzia mimi! Mimi! Katika watu wote wa Kindu!"

"Ningemwuzia nani?" Na yeye sasa alipandisha sauti. "Ungependa nimwuzie mwingine, uvikose kabisa? Nimevirudisha mikononi mwako, papa Tambwe. Kwa nini unadhani nilikubali ile nusu yako? Sikuwa na uso wa kukatalia."

Ile nusu ilinichoma.

"Ningoje mpaka Jumatatu," akasema. "Kamyo ikiisha kuvuka, nenda kwa mkubwa wa atelie, mwonyeshe namba, sema ulivyovipata. Taja jina la Xavier, taja na langu. Nitakuwa mbali. Lakini ukisema leo, franga za kifo ambazo kampuni inatoa kwa wajane hazitakuja, na mimi watanishika. Siku tatu tu. Umengoja miaka miwili."

Nilikubali. Ninawaambia kweli, nilikubali kwa hasira, lakini nilikubali. Na kama Jumamosi isingekuwa siku ya salongo, ningelishika neno langu.

Mnaojua miaka ile mnajua salongo: kila Jumamosi asubuhi kazi ya serikali, kila nyumba itoe muntu na jembe, kufyeka na kuzibua mitaro. Mtaa wote ulikuwa nje. Mkubwa wa selili, yaani wa mtaa wetu, alikuwa na daftari lake, akiandika nani amekuja na nani amejificha.

Fortunat alifika na vijana wawili wa Chama. Hakunisalimu. Alisimama katikati ya njia ili kila mtu asikie.

"Citoyen Tambwe! Sanduku ya ndugu yangu iko wapi?"

Baadaye nilijua jinsi alivyopata habari. Alikuwa amekwenda kwa Émilienne Ijumaa jioni kuhesabu mali yake mapema, akaona alama sakafuni pale sanduku lilipokuwa, na jirani mmoja akamwambia ameniona na baiskeli.

"Nimenunua," nikasema.

"Kwa nani?"

Nikalirudisha jembe mtaroni.

"Kwa nani? Mali ya marehemu haijagawanywa, matanga hayajaondolewa, na wewe umekwisha kununua. Kwa nani?"

"Fortunat, tuingie ndani, tuseme kama watu."

"Ndani?" Akawageukia watu. "Mnamsikia? Anataka ndani! Huyu anapenda mambo ya ndani. Alikuwa ndani ya stoo ya reli miaka kumi na mmoja, akaimaliza. Sasa amehamia kwenye nyumba za wajane!"

Watu wakacheka. Watu ambao nimechimba nao makaburi ya watoto wao. Mkubwa wa selili naye akacheka, kalamu mkononi.

"Mwizi wa kampuni," Fortunat akasema, akinisogelea mpaka nikaona jasho juu ya mdomo wake. "Marehemu ndugu yangu alikulisha. Alikuletea mchele ulipokuwa unanuka njaa. Na malipo yake njo haya, umwibie kabla kaburi halijakauka."

Ni ule mchele. Angetaja kitu kingine chochote, nadhani ningevumilia.

"Mwizi ni ndugu yako!" nilipiga kelele. Jembe lilikuwa mkononi na sijui kwa nini sikulitumia. "Xavier njo mwizi! Vyombo vya reli viko ndani ya sanduku yake, njooni muone, namba zote, mia na kumi na saba, mia mbili na nne, themanini na nane! Aliiba yeye, nikafukuzwa mimi, akaja kula kwangu! Na mke wake alijua!"

Na mke wake alijua. Hayo maneno manne hakuna aliyenilazimisha kuyasema.

Kicheko kilikatika. Niliingia ndani, nikalivuta sanduku mpaka nje, nikalifungua mbele ya mtaa wote. Nilikuwa naita namba moja moja kama padri anayesoma majina ya marehemu. Nilisikia raha. Ninaungama hapa kwamba nilisikia raha ambayo sijaisikia tena maishani.

Fortunat alikuwa ananitazama na kufikiri.

Kabla ya saa tano majandarme, askari wa usalama, walikuja, wakalibeba sanduku. Ajida, mkubwa wao, mtu mnene mwenye sauti ndogo, akaniambia: "Jumatatu asubuhi uje utoe maelezo yako."

"Kwa furaha, chef," nikamjibu.

Mkubwa wa selili alinishika mkono. Majirani walileta pombe ya mchele. Albertine hakuinywa. Alipanga sahani, akaniambia bila kunitazama:

"Umemtaja mume, sawa, amekufa. Mke ulimtaja wa nini?"

"Alijua!"

"Na wewe ulimpa neno lako."

Jumapili nilitaka kwenda kumwonya Émilienne. Nilifika mpaka kwenye kona ya kambi ya wafanyakazi wa reli. Niliona shati la kijani mlangoni pake, nikageuka nikarudi. Nilijiambia labda Nzanzu atawahi kuvuka kabla majandarme hawajaamka.

Hakuwahi. Usiku ule ule waliikuta kamyo kwenye foleni ya kivuko, Émilienne juu ya magunia na watoto wake.

Lakini hayo sikuyajua bado Jumatatu nilipovaa shati langu jeupe. Nilitembea mji mzima kichwa juu. Wengine walinisalimu kwanza. Nilikuwa ninaitunga hotuba nitakayompa mkubwa wa atelie siku atakaponiita kurudi kazini.

Sanduku lilikuwa sakafuni katika ofisi ya ajida, vyombo vimepangwa juu ya meza. Na kwenye benchi alikaa Émilienne, kitambaa cha safari kichwani, bila watoto.

"Citoyen Tambwe," ajida akasema. "Umekuja mwenyewe. Vizuri. Umetupunguzia njia."

"Nimekuja kutoa ushahidi, chef. Na tena nataka kusema mama huyu hana kosa, alikuwa anamwogopa mumewe..."

"Keti. Zamu yako itafika. Kwanza sikiliza ushahidi wa mama."

Akachukua karatasi, akasoma kwa ile sauti yake ndogo, Émilienne akiitwa humo kwa jina la kwao:

"'Mimi, citoyenne Katungu, mjane, nasema hivi. Vyombo hivi vililetwa kwetu na citoyen Tambwe, wakati alipokuwa mtunza stoo. Alimwomba mume wangu amfichie. Mume wangu alikubali kwa urafiki, bila kujua kwamba vimeibwa. Alipokufa, Tambwe alikuja kuvichukua, akaniachia franga kidogo ili nisiseme.'"

Nilidhani sikusikia vizuri. Nilimtazama Émilienne. Alikuwa anatazama meza.

"Uongo!" Niliruka, jandarme mmoja akanirudisha chini kwa bega. "Nilinunua! Nilimlipa!"

"Kiasi gani?"

Nikataja.

Ajida akaweka karatasi chini, akaniangalia, kisha akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Sanduku ya kambala, ya Wazungu, na vyombo vya Ulaya vimejaa, kwa bei hiyo? Citoyen, hata baiskeli mbovu hupati kwa bei hiyo. Hiyo si bei. Hizo ni franga za kufunga mdomo, kama mama alivyosema."

Ningesema nini? Kwamba si mwizi, ila ni mtu anayemkamua mjane?

"Émilienne!" nikamwita. "Nitazame! Nilikaa kimya kwa ajili yako!"

Sasa alinitazama.

"Ulikaa kimya siku moja," akasema.

Ajida akamsogezea wino. Akabandika kidole gumba kwenye karatasi.

"Unaweza kwenda, mama."

Alipopita mbele yangu kitenge chake kilimtoka bega. Aliinama kukiokota, mdomo wake karibu na sikio langu.

"Ameshika watoto wangu," akasema. "Tangu jana."

Akatoka.

Dirisha lilikuwa wazi. Nje, kando ya ukuta, watoto wanne walikuwa wamekaa juu ya mizigo, na Fortunat amesimama nyuma yao, mkono juu ya kichwa cha yule mdogo kabisa. Kamyo ya Nzanzu ilikuwa inangoja mbele kidogo, injini inanguruma. Fortunat alimpungia Nzanzu mkono: nenda. Nzanzu akasita, akamtazama Émilienne. Émilienne hakuinua uso. Kamyo ikaondoka kuelekea kivukoni. Fortunat akalichukua sanduku la safari mkononi mwa Émilienne, akalitupa juu ya mkokoteni wake.

Ndipo nilipoelewa. Jumamosi, pale mtaani, Fortunat alikuwa anafikiri hivi: marehemu mwizi, mjane wake hapewi kitu na kampuni. Marehemu aliyedanganywa na rafiki mwizi, mjane wake anapewa. Na mjane akiwa ndani ya nyumba ya Fortunat, zile franga za kifo zinaingia nyumba hiyo hiyo. Hotuba yangu yote ya salongo, namba zote nilizoziimba, nilikuwa ninamchongea yeye ngazi.

Hasira ina mahali inapofika haitoi tena jasho. Nilisikia baridi.

"Tuendelee," ajida akasema. "Vilivyopotea ni arobaini. Hapa viko ishirini na sita. Kumi na vinne umeviuza wapi?"

"Sijui, chef. Sikuiba."

"Vua mshipi. Vua viatu."

Nilivua. Sakafu ilikuwa ya saruji. Jandarme akalichukua shati langu jeupe pia, akalikunja vizuri kama mtu anayelitamani.

"Nitauliza mara moja tena hapa," ajida akasema. "Ya pili nitaulizia kule nyuma, na kule sina subira. Kumi na vinne viko wapi?"

Nilitazama dirishani. Fortunat alikuwa anafunga kamba ya mkokoteni, anapiga mluzi.

Wasomaji wangu, mpaka hapo katika mambo ya serikali sikuwa nimesema uongo hata mmoja. Nilifukuzwa nikisema kweli. Nilichekwa nikisema kweli. Nimevuliwa viatu nikisema kweli. Kwa hiyo hiki ninachoungama leo sikukifanya kwa kuogopa fimbo, ingawa niliiogopa. Nilikifanya nikiwa na akili zangu zote.

"Andika, chef," nikasema.

"Niandike nini?"

"Mama amesema kweli, lakini hakusema yote. Hatukuwa wawili. Tulikuwa watatu."

Ajida akaichukua kalamu.

"Vile kumi na vinne vilikwenda mji wa Kama, kwa wachimba dhahabu. Wanalipa vizuri kwa msumeno mzuri na tupa. Mwenye kuvipeleka alikuwa Fortunat. Alivichukua nyumbani kwa marehemu, mkononi mwa marehemu. Uliza muntu yeyote wa mtaa wake kama hendi Kama kila mwezi."

Alikuwa anakwenda Kama kila mwezi, hiyo ilijulikana. Alikwenda na nini, sikujua, na sikujali.

Ajida aliandika taratibu, akiniangalia kila baada ya mstari. Kisha akasimama, akaenda dirishani.

"Citoyen!" akaita. "Wewe, wa shati la kijani! Njoo kidogo. Na mama arudi."

Fortunat aligeuka. Akanyoosha kola yake. Nadhani alifikiri anaitwa kushukuriwa. Aliingia akitabasamu, amemshika yule mtoto mdogo mkono ili Émilienne asisahau, na Émilienne nyuma yake.

Ajida hakumpa kiti.

"Huyu anasema vile vyombo vingine ulivipeleka Kama wewe."

Tabasamu lilibaki usoni mwake, limesahauliwa.

"Huyu? Huyu mwizi? Chef, mimi ni mtu wa Chama!"

"Chama hakijaulizwa kitu." Ajida akamgeukia Émilienne. "Mama. Shemeji yako alikuwa anakuja kuchukua vyombo nyumbani kwako, ndiyo au hapana?"

Émilienne alinitazama mimi, bila viatu, bila shati. Alijua ni uongo. Mbali na Fortunat mwenyewe, yeye peke yake mle ndani alijua kwa hakika.

"Mwambie, Émilienne," Fortunat akasema. "Mwambie upesi, twende nyumbani."

Émilienne aliinama, akaanza kuvifungua vidole vya Fortunat, kimoja baada ya kingine, mpaka mkono wa mtoto ukatoka. Akamnyanyua mtoto kiunoni. Akapita mbele ya Fortunat, akaja kukaa kwenye benchi, upande wangu.

"Chef," akasema, "chukua karatasi nyingine."